Umechoka Nini? Hotuba Kuhusu Uchovu wa Bondia

(Hotuba hii ilitolewa Arusha mbele ya makocha, mabondia na wazazi wa Arusha na Moshi. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Makocha, mabondia, kina mama mliowasindikiza vijana wenu, habari za asubuhi. Wenzetu wa Moshi mliopanda gari alfajiri, poleni na safari, karibuni sana.

Nianze na swali. Bondia anarudi kona baada ya raundi ya 3, anahema, na kocha anamwuliza, "Umechoka?" Atajibu nini? Mnalijua jibu lake. "Sijachoka, kocha." Atasema hivyo hata kama miguu haimbebi tena. Nani atakiri uchovu mbele ya mashabiki waliotoka naye mtaani? Swali hilo halitupi kitu, tuliache. Tuulize hivi: umechoka nini? Mapafu? Mikono? Miguu? Au kichwa?

Mikono ikifa wakati pumzi bado ipo, mara nyingi kijana anapigana amekaza mwili. Pumzi ikikata wakati mikono bado hai, ama alianza kwa kasi isiyo yake, ama msingi wa mbio haukujengwa. Miguu ikiwa mizito tangu raundi ya kwanza, katafute sababu kwenye mizani au kwenye juma lililotangulia. Na kichwa kikichoka, yaani anaiona ngumi inakuja na hafanyi lolote, hapo tunazungumzia usingizi, maji, au ngumi alizokwisha kula. Hili la ngumi nitalirudia kabla sijashuka hapa. Kocha anayetibu uchovu wote huo kwa neno moja, "ongeza kukimbia", anatibu bila kupima.

Tuanze na mikono na mapafu.

Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, George Foreman aliingia ulingoni akiwa bingwa wa dunia ambaye hajapoteza pambano. Ana miaka 25, Muhammad Ali ana 32. Sasa angalieni jambo ambalo wengi hulipita. Mapambano matatu ya ubingwa aliyokuwa amepigana Foreman kabla ya usiku ule yalikwishaje? Frazier, raundi ya 2. Roman, raundi ya 1. Norton, raundi ya 2. Jumla ni raundi 5 kwa mapambano matatu! Ali akaegemea kamba, akafunga gadi, akamwacha apige. Foreman akapiga kwa nguvu zote, ngumi baada ya ngumi, kwenye mikono na mabega ya mtu aliyejifunika. Raundi ya 8 akaanguka. Kabla ya ngumi za mwisho za Ali, mikono yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kumchosha.

Nawaomba sana, msiwafundishe watoto kuegemea kamba. Ali alikula ngumi nyingi mno maishani mwake, na anayeegemea kamba bila jicho la Ali anapigwa tu. Somo ninalotaka hapa ni la Foreman. Ngumi inayokosa au kugonga gadi inakula nguvu ileile kama inayofika, na anayekaza analipa hata kwa ngumi ambayo hakurusha.

Kukaza ni nini? Mtazameni kijana anapopiga begi. Ngumi imefumbwa tangu kengele inalia. Mabega yamepanda masikioni. Meno yameumana. Msuli uliokazwa unabana mishipa yake ya damu, na damu isipopita vizuri, msuli unachoka hata kama mapafu yamejaa hewa. Ndiyo maana mwanafunzi mgeni anachoka mabega ndani ya dakika mbili, ilhali anaweza kukimbia kilomita 8.

Dawa yake ni hii. Raundi 3 za begi, dakika 3 kila moja, kwa nusu ya nguvu. Nusu, narudia, nusu! Mkono unatoka umelegea, ngumi inafumbwa pale tu inapogusa begi, halafu inalegea tena ikirudi. Kila ngumi inatoa pumzi fupi kwa meno, "tss". Kocha asimame pembeni asikilize. Sauti ikipotea, ujue kijana amebana pumzi, na wengi huibana kwenye mfululizo wa ngumi tatu au nne. Anayebana pumzi katika kila mfululizo anamaliza raundi akiwa na deni la hewa ambalo dakika moja ya kupumzika hailipi.

Kuna jambo dogo linalotuumbua kila mwaka. Kinga ya meno. Vijana wanafanya mazoezi miezi miwili bila kuivaa, wanaivaa siku ya pambano, wanahisi kukabwa. Ivaeni kwenye begi, kwenye padi anazoshika kocha mkononi mpige, hata mkipigana na kivuli. Mapafu yazoee kupumua kwa pua na kupitia kinga hiyo, wakati bado hakuna anayewapiga.

Na raundi ya kwanza? Hofu na shangwe zinamwaga homoni mwilini, moyo unapiga mbio kabla kengele haijalia. Bondia aliyepoa anaruka juu, anatoa kila kitu, na dakika ya pili anashangaa amepatwa na nini. Mwili upashwe moto dakika 20 mpaka jasho litoke, na katika hizo ziwepo raundi moja au mbili za padi kali. Kisha sekunde 30 za mwanzo wa pambano apige jebu, ngumi ya mkono wa mbele, na kutembea tu. Ratiba zetu mnazijua: unaambiwa saa mbili usiku, unaingia saa nne. Pambano likisogezwa, mwili umepoa, rudia dakika 5 hadi 8 za kupasha. Usimwache kijana amekaa kwenye kiti saa nzima na bandeji mikononi.

Sasa msingi wa pumzi. Kuna maneno tunayapenda huku kwetu, kwamba sisi ni watu wa mlimani, pumzi tunazaliwa nayo. Ndugu zangu, Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini zaidi, haifiki mita 1,000. Wakimbiaji wanaotafuta faida ya mwinuko wanakwenda mita 2,000 na zaidi. Kuuona Mlima Kilimanjaro dirishani hakukuongezei damu!

Pumzi inajengwa. Pambano likiwa mbali, wiki 8 hadi 12, mkimbie dakika 40 hadi 50 mara tatu kwa juma, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako. Vijana wanaudharau mwendo huu kwa sababu hauumizi, lakini ndio unaofanya moyo urudi chini haraka baina ya raundi. Zikibaki wiki 6, punguza mbio ndefu na uweke dakika 4 za kasi, dakika 3 za kutembea au kukimbia polepole, mara 4. Baadaye mazoezi yafanane na pambano lenyewe: dakika 3 kazi, dakika 1 pumziko, kwa idadi ya raundi mtakazopigana. Ngumi za ridhaa ni raundi 3, basi msifanye mazoezi ya raundi 12 kwa majivuno.

Kipimo ni vidole viwili shingoni. Kengele ikilia mwisho wa raundi ngumu, hesabu mapigo sekunde 15, zidisha kwa 4, andika. Dakika moja ikipita, hesabu tena. Tofauti ya namba hizo mbili ikikua juma hadi juma, msingi unajengeka. Ikisinyaa, kuna kitu, na sitashangaa kikiwa nje ya ukumbi wa mazoezi.

Nikae kidogo kwenye hiyo dakika moja, maana kona zetu zinaiharibu. Mara ngapi mmeona watu watatu wanamfokea bondia mmoja kwa pamoja? Mmoja anasema songa mbele, mwingine anasema rudi nyuma, wa tatu ni mjomba wake. Kijana anarudi katikati na pumzi ileile aliyokuja nayo.

Dakika ina sekunde 60, tuzigawe. Za kwanza 10 hakuna anayesema. Akae, miguu inyooke, kinga ya meno itoke, mkanda wa bukta uvutwe mbele ili tumbo lipate nafasi. Hadi ya 30 apumue: ndani kwa pua, nje kwa mdomo polepole, pumzi ya nje iwe ndefu kuliko ya ndani. Taulo la maji baridi au barafu liwekwe nyuma ya shingo. Funda moja au mawili ya maji, asinywe nusu chupa. Kati ya 30 na 45 mtu mmoja, narudia, mtu mmoja, anatoa agizo moja. Halafu amwulize, "Nimesema nini?" Akishindwa kulirudia, hajakusikia, na kuongeza la pili ni kupoteza maneno. Zinazobaki ni za mafuta usoni, kinga iliyosuuzwa, na kusimama.

Na maji ya kichwani yamwagwe kidogo. Yakiingia kwenye viatu yanakuwa mzigo, yakibaki sakafuni yanateleza.

Nije kwenye joto na mizani. Hapa ndipo mabondia wa kanda hii wanapoteza mapambano kabla hawajapanda.

Juni 25, 1952, New York, Sugar Ray Robinson alipanda uzito kumfuata bingwa Joey Maxim. Usiku ule joto lilikuwa kali ajabu, chini ya taa za ulingo lilikaribia nyuzi 40. Robinson alikuwa anaongoza kwa pointi. Mwamuzi Ruby Goldstein alizidiwa na joto, akatolewa baada ya raundi ya 10 na mwingine akaingia. Fikirieni, mwamuzi asiyerusha ngumi hata moja! Robinson akaendelea kucheza kwa miguu, kuzunguka, kurusha, na baada ya raundi ya 13 hakuweza kusimama kwenda ya 14. Katika mapambano 200 hivi ya maisha yake, hilo ndilo pekee alilosimamishwa. Maxim, aliyetembea kidogo, akabaki na mkanda wake.

Sasa mtoeni kijana wa Arusha mwezi Julai, ambako asubuhi anavaa sweta, mpelekeni Dar es Salaam. Zaidi ya kilomita 600 kwenye basi, amejinyima maji ili asisumbue dereva na ili mizani isimkatae. Anashuka kwenye unyevunyevu ambao jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka halipoozi kitu. Moyo unafanya kazi mbili, kupeleka damu kwenye msuli na kupeleka damu kwenye ngozi. Raundi ya 2 amekwisha. Tunarudi nyumbani tunasema hakufanya mazoezi.

Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14, na sehemu kubwa ya kuzoea hutokea juma la kwanza. Mwenye uwezo amtangulize bondia siku 7 hadi 10. Asiye na uwezo, na wengi wetu ndio hao, afanye hivi: Moshi ni kilomita 80 tu kutoka hapa na ina joto zaidi. Fanyeni mipango na kumbi za huko, vijana wakafanye mazoezi ya kawaida mchana, dakika 45 hadi 60, siku kadhaa mfululizo, huku wanakunywa maji. Wanakunywa maji! Lengo ni kuzoea joto. Kuvaa nailoni na kukimbia bila maji ni habari nyingine kabisa, na hiyo inaua.

Hesabu ya maji ni rahisi. Mpime kijana kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Bondia wa kilo 60 akipungua kilo 1.2 amepoteza asilimia 2, na kuanzia hapo uwezo wa kazi unashuka. Anayejikausha kilo 3 kwa siku mbili amepita hapo mara mbili na zaidi, na hatarudisha yote kwa saa chache. Kurudisha kunataka kama lita moja na nusu kwa kila kilo, kidogo kidogo, yenye chumvi na sukari. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi inatosha. Ikikosekana, lita moja, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Maji matupu kwa wingi yanaishia chooni.

Kwenye ngumi za ridhaa mnapima asubuhi na kupigana siku hiyohiyo. Nani anapata muda wa kunywa lita 4 na nusu? Kwa hiyo uzito upungue polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, kuanzia wiki 5 au 6 nyuma. Asipoweza, apande uzito wa juu. Najua makocha hamlipendi neno hili.

Chakula nitapita haraka. Saa 3 au 4 kabla ya pambano, wali, ugali au ndizi, nyama kidogo, mafuta kidogo. Mtori unafaa sana, ila usiwe ule wa sherehe wenye mafuta yanayoelea. Saa moja kabla, ndizi mbivu au uji. Chipsi mayai na nyama choma vitangoja. Vinywaji vya kuongeza nguvu, kama hukuvizoea mazoezini, usivijaribu siku ile.

Sasa juma zima la mazoezi. Mkiandika mpango wa mazoezi, mnaandika kazi anayoifanya kijana? Anayebeba magunia Soko la Kilombero tangu saa kumi alfajiri amekwisha kufanya mazoezi kabla hajaja kwako. Anayeendesha bodaboda hadi usiku wa manane ana deni la usingizi. Na wako mabondia wetu wapagazi, Moshi hasa, wanaopanda Kilimanjaro siku 6 au 7 na mzigo wa hadi kilo 20. Kijana anashuka Jumapili, Jumatatu kocha anamweka kwenye sparingi, yaani kupigana na mwenzake mazoezini. Jamani! Kushuka mlima kunachana nyuzi za mapaja, na maumivu yake hupanda siku ya pili na ya tatu. Usingizi wa huko juu ni wa mang'amung'amu. Mpe siku 4 au 5 za kukimbia polepole na kujinyoosha, ndipo arudi kwenye ngumi. Safari ya mlima iandikwe kwenye mpango kama juma zito la mazoezi, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kupima mzigo, chukua dakika za mazoezi, zidisha kwa ugumu anaoutaja mwenyewe kutoka 1 hadi 10, nusu saa baada ya kumaliza. Dakika 60 kwa ugumu wa 7 ni 420. Jumlisha juma zima. Jumla isiruke ghafla kutoka juma moja hadi lingine. Sparingi ngumu ziwe mbili kwa juma, zisifuatane, na asubuhi yake pasiwe na mbio kali. Siku moja kamili ni ya kupumzika. Sparingi ngumu ya mwisho iwe siku 7 hadi 10 kabla ya pambano, halafu punguza wingi wa kazi hadi nusu na uache kasi ibaki. Makocha wengi wanaogopa juma hili, wanahisi kijana anaoza. Haozi, anakusanya.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, bondia ahesabu mapigo ya moyo. Yakizidi kawaida yake kwa 7 hadi 10 kwa siku mbili tatu, punguza kazi. Ukipunguza kwa wiki mbili na uchovu haubanduki, mpeleke hospitali apimwe malaria na wingi wa damu. Mabinti hasa, kwa sababu hedhi hupunguza madini ya chuma. Na chai msiinywe pamoja na chakula, inazuia chuma hicho kuingia mwilini. Ingojeni saa moja.

Nimefika pale nilipoahidi. Uchovu wa kichwa.

Oktoba 1968, Mexico City, John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, jirani zetu hapa, alianguka katika marathoni, goti likaumia, akaendelea hadi mwisho. Alifika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunampenda Akhwari. Kila mtoto shuleni amesimuliwa habari zake. Lakini wadogo zangu, yule alikuwa anashindana na barabara. Barabara haimpigi mtu kichwani. Moyo uleule ukiupandisha ulingoni raundi ya mwisho, mikono iko chini, mwenzako bado ana ngumi, utakuua.

Mwaka 1975 huko Manila, Oktoba 1, Joe Frazier na Muhammad Ali walipigana raundi 14. Frazier alikuwa haoni vizuri, na alitaka kwenda ya 15. Kocha wake, Eddie Futch, akakataa, akasimamisha pambano. Zilikuwa zimebaki dakika 3 tu. Futch hakumwuliza Frazier kama amechoka.

Makocha, hapa nataka mnisikilize vizuri. Mtu aliyechoka na mtu aliyeumia ubongo wanafanana wakikaa kwenye kiti cha kona. Wote macho mazito, wote miguu mibovu. Unawatofautishaje? Mwulize: tuko raundi ya ngapi? Uko wapi? Unapigana na nani? Aliyechoka anajibu huku anahema. Aliyeumia anakosea, au anakutazama tu. Akikosea moja, pambano limekwisha. Dalili nyingine ni mkono usiorudi baada ya jebu, miguu inayopishana, ngumi mbili tatu safi asizozijibu wala kuzikwepa, na pumzi ambayo sekunde ya 50 bado haijatulia. Mazoezini ni hivyohivyo, sparingi inasimama raundi hiyohiyo.

Akishashuka, asilale peke yake usiku ule, na mtu amwangalie kwa saa 24. Asipewe aspirini wala dawa za maumivu za aina ya diklofenaki, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akisinzia kupita kiasi, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali usiku huohuo, msingoje kupambazuke.

Na uamuzi wa kurusha taulo, yaani kusimamisha pambano, uwe wa mtu mmoja, mpange kabla ya kuondoka chumba cha kubadilishia nguo, na bondia aambiwe ni nani. Wazazi, mna haki ya kumwuliza kocha jina la mtu huyo kabla mtoto hajavaa glovu.

Tuna ndoo mbili, saa, na kiti pale ulingoni. Makocha wa Moshi waanze, wawili wawili, tufanye ile dakika moja ya kona; mimi nitashika saa. Maswali mtayauliza tukiwa tunaendelea.